Uzi: Oberlin, Ohio, mji wa chuo uliojengwa kwa kiapo, matope na madeni

#1 Mzee wa Ramani

Wakuu, mtu akitaka kuujua mji mdogo wa chuo wa Kimarekani, aiache kwanza Boston. Lile ni jiji lenye vyuo ndani yake. Achukue Oberlin, Ohio. Wakazi wake ni kama 8,500, na humo wamo wanafunzi wanaokaribia 3,000. Uko kilomita 55 hivi kusini magharibi mwa Cleveland, na ukielekea kaskazini kilomita 20 unafika Ziwa Erie. Ardhi ni bapa kama sinia, kwa kuwa zamani za kale ilikuwa sakafu ya ziwa. Udongo ni mfinyanzi mzito: mvua ikinyesha maji hayaendi popote.

Waanzilishi ni wawili. Mchungaji John Jay Shipherd alikuwa na kanisa Elyria, mji wa jirani. Philo Stewart alikuwa ametoka kufanya kazi ya umisionari kwa Wachoctaw, wenyeji asilia wa kule Mississippi. Mwaka 1832 walipanga kijiji cha Kikristo na shule katikati yake, wakakiita jina la Johann Friedrich Oberlin, mchungaji wa milima ya Alsace aliyewafundisha waumini wake kutengeneza barabara, kulima na kusoma.

Sasa angalieni hesabu, maana ndiyo ufunguo wa mambo yote yanayofuata. Wenye ardhi walikuwa wafanyabiashara wa New Haven, Connecticut. Walitoa bure ekari 500 kwa ajili ya shule. Ekari nyingine 5,000 Shipherd alikubaliwa kuzinunua kwa dola 1.50 kila moja, akawauzia walowezi kwa dola 2.50. Ile dola moja ya juu ndiyo mtaji wa chuo, dola 5,000 jumla. Kwa maneno mengine, mji na chuo vilizaliwa kwa hati moja, na mkazi wa kwanza alipolipia shamba lake alikuwa pia anajenga darasa.

Peter Pindar Pease aliingia na familia yake Aprili 1833, kibanda cha magogo. Masomo yakaanza Desemba mwaka huohuo na wanafunzi 44, wanaume 29 na wanawake 15.

Walowezi walitia saini kiapo: mali ni amana ya Mungu, ziada itolewe, chakula kiwe cha kawaida, tumbaku hapana, pombe kali hapana, na hata chai na kahawa waziache kwa kadiri itakavyowezekana, nguo za kubana zisivaliwe. Kila mwanafunzi alitakiwa kufanya kazi ya mikono saa 4 kwa siku kulipia masomo, na kaulimbiu ya chuo mpaka leo ni "Elimu na Kazi".

Mpango wa saa 4 ulikwama mapema. Shamba la mfinyanzi lisilo na mifereji halizai kiasi cha kulipa mikono yote ile, na bidhaa zilizotengenezwa hazikuwa na soko la karibu. Chuo kikabaki na mabaki ya mpango: kazi ndogondogo na kaulimbiu.

#2 Nyuki Mwekundu

Uzi mzuri mkuu. Nina swali moja. Kila mahali wanasema Oberlin ilipokea weusi mwaka 1835 kwa sababu ya msimamo wa dini. Hiyo hesabu yako ya dola haiingii hapo?

#3 Mzee wa Ramani

Inaingia, tena mlango wa mbele.

Mwishoni mwa 1834 chuo kilikuwa na umri wa mwaka mmoja na hakina hela. Wakati huohuo, Cincinnati kulikuwa na mgogoro katika seminari ya Lane. Wanafunzi walikuwa wameendesha mdahalo mrefu juu ya utumwa, wakaanza kufundisha weusi wa mjini. Wadhamini wakapiga marufuku mijadala hiyo. Wanafunzi wengi wakaondoka. Shipherd akawafuata na kuwaalika.

Nao walikuja na masharti. Asa Mahan, mdhamini wa Lane aliyesimama upande wao, awe mkuu wa chuo. Profesa John Morgan, aliyefukuzwa Lane kwa kuwaunga mkono, aajiriwe. Uhuru wa kusema. Na weusi wapokewe sawa na wengine. Nyuma yao walikuwa ndugu wawili wafanyabiashara wa New York, Arthur na Lewis Tappan, walioahidi kulipa mishahara ya maprofesa pamoja na fedha za majengo. Charles Finney, mhubiri maarufu kuliko wote wa zama zile, naye alikubali kuja iwapo walimu wataachiwa mambo ya ndani ya chuo, yakiwemo ya nani apokewe.

Wakazi waliposikia, kijiji kilichafuka. Wengi waliogopa. Bodi ilikutana Februari 1835, kura zikalingana, na mwenyekiti John Keep akatoa kura ya uamuzi. Azimio lenyewe halikusema waziwazi "tunawapokea weusi". Lilisema elimu ya watu wa rangi ni jambo kubwa linalostahili kutiwa moyo na kutegemezwa chuoni. Waliochoka kupigana walipewa maneno ya kujifunikia.

Kwa hiyo Nyuki, jibu ni hili: bila wenye msimamo hakuna ambaye angeweka sharti, na bila shida ya hela hakuna ambaye angelikubali.

Kisha hela yenyewe ikayeyuka. Desemba 1835 moto mkubwa uliteketeza eneo la biashara la New York, na mwaka 1837 mdororo wa uchumi ukawaangusha ndugu wa Tappan. Ahadi zikafa, masharti yakabaki. Mwaka 1839 Keep na mwenzake William Dawes walipanda meli kwenda Uingereza kuomba msaada kwa wapinga utumwa wa kule, wakarudi na kama dola 30,000. Chuo kikaokoka hivyo.

#4 Mwalimu Asha

Naomba niongeze upande wa wanawake, maana huwa unapambwa kupita kiasi.

Wanawake walikuwepo tangu siku ya kwanza, lakini katika kozi yao ya pembeni. Mwaka 1837 wanne waliingia kozi kamili ya shahada pamoja na wanaume, na 1841 watatu kati yao wakahitimu: Mary Hosford, Elizabeth Prall na Caroline Mary Rudd. Huo ndio mwanzo wa shahada za kwanza za aina hiyo kwa wanawake Marekani katika chuo cha mchanganyiko.

Ila ile kazi ya mikono iligawanywa kama nyumbani. Wanaume walikata miti na kulima. Wanawake walipika, waliosha vyombo, wakafua na kushona viraka vya nguo za wanaume hao. Na mwanamke hakuruhusiwa kusoma hotuba yake mwenyewe mbele ya hadhira ya wanaume na wanawake siku ya mahafali. Lucy Stone alipohitimu 1847 aliambiwa aandike, profesa atamsomea. Akakataa kuandika. Rafiki yake Antoinette Brown alimaliza masomo ya theolojia 1850 na hakupewa shahada.

Mary Jane Patterson alihitimu 1862, na anatambulika kuwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kupata shahada ya kwanza.

Msimamo nao haukukaa palepale. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kadiri kizazi cha Finney kilivyoondoka, ubaguzi ulirudi polepole mezani na mabwenini. Mary Church Terrell alihitimu hapo 1884. Karibu miaka 30 baadaye alikuwa akimwandikia mkuu wa chuo kulalamika jinsi mabinti zake walivyobaguliwa makazi. Wanaousifu mji huu huishia 1865. Wasiishie hapo.

#5 Kijiti cha Mpingo

Mleta uzi, umeruka kisa cha Wellington. Nakimwaga hapa kwa mpangilio, kwani watu wengi hukichanganya.

Tarehe 13 Septemba 1858. John Price, aliyetoroka utumwa Kentucky, alikuwa akiishi Oberlin. Wasaka watumwa hawakuthubutu kumkamata mjini, kwa hiyo walimlipa kijana wa shamba la jirani dola 20 amtoe nje kwa kisingizio cha kibarua cha kuchimba viazi. Wakamdaka barabarani, wakamkimbiza Wellington, kilomita 14 au 15 kusini. Kwa nini Wellington? Kwa sababu treni ya kwenda Columbus ilipita huko, na ingefika saa 11 jioni na dakika kadhaa. Walikuwa na saa chache tu za kusubiri hotelini, na saa hizo ndizo zilizowaponza.

Habari zilirudi Oberlin. Watu wakapanda farasi na mikokoteni, weusi kwa weupe, wanafunzi, maseremala, wenye maduka. Hoteli ikazingirwa. Yakaanza mazungumzo juu ya uhalali wa hati ya kukamatia. Yalipokwama, makundi mawili yakapenya, moja mlango wa mbele na jingine kwa nyuma, wakamshusha Price kutoka chumba cha darini. Alifichwa nyumbani kwa profesa James Fairchild, mtu mpole asiyeshukiwa, ambaye baadaye akawa mkuu wa chuo. Kisha akavushwa Kanada.

Serikali kuu iliwashtaki watu 37 chini ya Sheria ya Watumwa Watoro ya 1850. Wawili tu ndio waliofikia hukumu. Simeon Bushnell, mzungu, alipewa siku 60 na faini ya dola 600. Charles Langston, mweusi, alisimama akaieleza mahakama kwamba hapo hawezi kuhukumiwa na watu wa hadhi sawa na yake, kwa sababu sheria yenyewe haimhesabu kuwa na hadhi. Jaji akampunguzia: siku 20 na dola 100.

Wengine walikataa dhamana wakakaa gerezani Cleveland makusudi, ili kesi iwe habari ya nchi nzima. Mahakama Kuu ya Ohio ilikataa kuwatoa kwa kura 3 dhidi ya 2. Kilichowatoa ni ujanja wa kisheria: mamlaka za wilaya ya Lorain ziliwashtaki wasaka watumwa wenyewe kwa utekaji. Kila upande ukawa umeshika watu wa mwenzake, Julai 1859 wakabadilishana.

Miezi mitatu baadaye, mpinga utumwa John Brown alipovamia ghala la silaha la serikali huko Harpers Ferry, wawili wa Oberlin walikuwamo: Lewis Sheridan Leary, fundi wa hatamu na matandiko ya farasi, aliyefia huko, na John Copeland, seremala, aliyenyongwa Desemba 16. Mjane wa Leary aliolewa baadaye na Charles Langston yule yule. Mjukuu wao ni mshairi Langston Hughes.

#6 Nyuki Mwekundu

Duh. Kwa hiyo treni ingewahi nusu saa, hakuna kisa.

#7 Kijiti cha Mpingo

Huo ndio ukweli wake. Na treni ingekuwa inapita Oberlin kwenyewe wasingemfikisha hata stesheni. Reli ilifika Oberlin mapema miaka ya 1850, lakini ile ilikuwa ya mashariki na magharibi. Ya kwenda kusini ilikuwa Wellington.

#8 Fundi Mkaa

Nyie wanahistoria mmesahau banda la kuni. Oberlin ndiko alumini ilikoacha kuwa kito.

Kabla ya hapo alumini ilitolewa kwa sodiamu, kazi ghali. Mwaka 1884 walipomaliza mnara wa Washington, kilele chake walikivika kipande cha alumini kama pambo la thamani. Charles Martin Hall alihitimu Oberlin 1885. Profesa wake wa kemia, Frank Fanning Jewett, alikuwa amewaambia darasani kwamba atakayepata njia rahisi ya kuitoa alumini atatajirika.

Tatizo ni hili. Oksidi ya alumini, yaani alumina, huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000 za Selsiasi. Hakuna tanuri la banda la kuni linalofika huko. Ukitumia chumvi ya alumini iliyoyeyushwa kwenye maji, umeme hutoa hidrojeni badala ya metali. Hall alitafuta kiyeyusho kisicho na maji, akakipata: kriolaiti, madini ya floraidi. Kriolaiti huyeyuka kama nyuzi 1,000, na ikiwa majimaji hivyo humumunya alumina kama chumvi kwenye mchuzi. Hapo ndipo unapitisha umeme.

Mara ya kwanza alishindwa, na sababu ni ya kufundishia mpaka leo. Chungu chake cha kuyeyushia kilikuwa cha udongo. Kriolaiti ya moto inakula udongo, silika ikaingia kwenye mchanganyiko, na fito za umeme zikashika utando wa kijivu ambao si alumini. Akatengeneza ngozi ya ndani ya kaboni kwenye chungu. Tarehe 23 Februari 1886 alipovunja ule mgando alikuta vitone vidogo vya alumini, vyenye rangi ya fedha. Umeme ulitoka kwenye betri za kujitengenezea, kwa kuwa mji haukuwa na gridi. Dada yake Julia, naye msomi wa kemia wa Oberlin, alimsaidia na kushuhudia kazi, na ushahidi wake ulikuja kuwa muhimu kwenye hataza. Maana mwaka huohuo Paul Héroult huko Ufaransa alipata njia ileile.

Kampuni yake ya Pittsburgh ilianza 1888 na baadaye ikaitwa Alcoa. Kufikia 1893 alumini ilikuwa chini ya dola moja kwa pauni. Hall alikufa 1914, akakiachia chuo theluthi ya mali yake. Wosia wake ulitaka uwanja wa katikati ya mji uondolewe majengo, na ndiyo sababu leo kuna nyasi na miti mitupu. Nyumba yao bado iko East College Street. Banda lenyewe halipo.

#9 Mzee wa Ramani

Shukrani Fundi. Uwanja huo ni Tappan Square, ekari 13, jina la yule Arthur aliyefilisika. Una mawe makubwa mawili ambayo wanafunzi huyapaka rangi mpya kila baada ya siku chache kutangaza wanachotaka, na kindi weupe ambao mji umewafanya nembo.

Upande wa magharibi kuna tao la mawe la 1903, kumbukumbu ya wamisionari wa Oberlin waliouawa Shanxi, China, wakati wa uasi wa Mabondia dhidi ya wageni mwaka 1900. Kwa miongo mingi baadhi ya wahitimu hupita kando yake siku ya mahafali badala ya chini yake, wakisema tao liliwakumbuka Wamarekani na kuwasahau Wachina waliokufa siku zilezile. Maandishi ya kuwakumbuka Wachina yaliongezwa baadaye.

Na kuhusu pombe: Mei 1893 mchungaji Howard Hyde Russell alianzisha hapa chama cha kupinga vilabu vya pombe. Mbinu yake ilikuwa mpya: chama hakina mgombea, hakiulizi kitu kingine chochote, kinatazama tu mbunge amepigaje kura juu ya pombe. Wayne Wheeler, mhitimu wa Oberlin wa 1894, aliinoa mbinu hiyo mpaka nchi nzima ikapigwa marufuku ya pombe Januari 1920. Kijiji kilichoanza kwa kukatazana kahawa kiliishia kuikataza nchi bia.

#10 Mtoto wa Msasani

Samahani wakuu, kuna mtu kaniambia Mondlane alisoma hapo. Kweli au porojo?

#11 Mwalimu Asha

Kweli, ndugu yangu. Eduardo Mondlane alihitimu Oberlin 1953, sosholojia na anthropolojia, baada ya kufukuzwa Afrika Kusini na kubanwa Lisbon. Kutoka hapo alikwenda Northwestern kwa shahada ya uzamivu, kisha Umoja wa Mataifa. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962 yeye akiwa rais wake, na ni Dar hiyohiyo, Oyster Bay, alikouawa kwa kitabu chenye bomu Februari 3, 1969.

Kabla yake alipita John Dube, Mzulu, miaka ya mwisho ya 1880. Aliondoka bila shahada, akarudi Natal akajenga shule ya Ohlange iliyochanganya masomo na kazi za mikono, na 1912 akawa rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Hapo "Elimu na Kazi" ya Shipherd ilipata shamba lililozaa kuliko lile la mfinyanzi.

#12 Kinubi

Msiondoke bila muziki. Shule ya muziki ilianza 1865 na miaka miwili baadaye ikaungana na chuo, nayo ndiyo kongwe Marekani miongoni mwa zile ambazo hazijawahi kufunga. Tangu 1877 piano zake ni Steinway, na sasa ni zaidi ya 200.

Zidisha hapo hali ya hewa ya ziwa. Kiangazi unyevu unaingia, ubao wa sauti unavimba, nyuzi zinakazwa na sauti inapanda. Baridi ikifika, hita zinakausha hewa, ubao unasinyaa, sauti inashuka. Inashuka zaidi sehemu ya katikati kuliko kwenye besi, ndiyo maana piano haishuki tu, inajikosana yenyewe kwa yenyewe. Ukimpandisha fundi Oktoba mapema kabla hita hazijatulia, kazi yake imepotea wiki tatu baadaye. Kwa hiyo chuo cha namna hii huajiri mafundi wa kudumu wenye karakana yao, na vyumba vya mazoezi, kama 150 katika jengo moja, hudhibitiwa unyevu.

Majengo hayo meupe ya 1963 ni ya Minoru Yamasaki, yuleyule msanifu wa minara pacha ya New York. Yanakaa kando ya mawe ya mchanga ya Amherst, mji wa jirani, kama mtu aliyekuja harusini na suti ya ufukweni. Maoni yangu hayo.

#13 Nyuki Mwekundu

Na mji unaishije leo? Chuo hakilipi kodi ya majengo, sivyo?

#14 Kijiti cha Mpingo

Majengo ya elimu yamesamehewa, ndiyo. Mji wa Ohio hujitegemeza zaidi kwa kodi ya mapato inayokatwa mahali pa kazi, kwa hiyo mshahara wa profesa unaingiza kitu hata kama darasa lake haliingizi. Mji pia unamiliki shirika lake la umeme. Ila tegemeo ni lilelile: chuo kikipunguza wafanyakazi, bajeti ya halmashauri inakohoa.

Kuna mwajiri mwingine ambaye wageni hawamjui. Nje kidogo ya mji kuna kituo cha kuongozea ndege cha Cleveland, mojawapo ya vituo vyenye shughuli nyingi zaidi Marekani. Kinaitwa Cleveland lakini kiko Oberlin. Septemba 11, 2001, waongozaji wa hapo ndio waliosikia sauti za utekaji kutoka ndege ya United 93.

Maduka ni suala la kalenda. Desemba hadi mwisho wa Januari wanafunzi wengi hawapo, kwa sababu Januari ni muhula wa miradi binafsi ambao wengi huufanyia nje ya mji. Juni hadi Agosti vilevile. Mfanyabiashara ana miezi 7 hivi ya kuuza na 12 ya kulipa pango. Kosa la wageni wanaofungua mgahawa ni kuhesabu vichwa 3,000 kana kwamba vyote ni wateja. Wengi wameshalipia chakula bwenini, na wengine wako kwenye ushirika wa wanafunzi ulioanza 1950, ambako wanapika na kuosha wenyewe kwa zamu.

Uhusiano wenyewe huwa wa ndoa kongwe. Mzozo wa mwaka 2016 kati ya duka la mikate la Gibson's, lililopo tangu 1885, na wanafunzi, ulioanzia kwenye wizi wa dukani na kugeuka maandamano ya tuhuma za ubaguzi, ulifika mahakamani. Baraza la wazee wa mahakama mwaka 2019 lilikipata chuo na hatia ya kulichafulia duka jina. Fidia ya awali ilikuwa dola milioni 44, ikapunguzwa hadi 25 kwa ukomo wa sheria ya Ohio, ikaongezwa gharama za mawakili na riba; mwaka 2022 chuo kililipa dola milioni 36 na nusu hivi. Chuo kilitetea kwamba maneno yalikuwa ya wanafunzi. Mjini hadi leo kila upande una sehemu yake ya kununulia donati.

#15 Fundi Mkaa

Hapo kwenye umeme niongeze joto. Chuo kilipashwa joto kwa makaa ya mawe hadi 2014, kisha gesi, na sasa jotoardhi: visima zaidi ya 800, kila kimoja mita 180 hivi. Ugumu haukuwa kuchimba. Mtandao wa zamani ulikuwa wa mvuke, na pampu ya joto haiwezi kutoa mvuke kwa gharama ya maana. Inatoa maji ya uvuguvugu mkali. Kwa hiyo ilibidi kung'oa mabomba chini ya njia zote na kubadilisha vipasha joto ndani ya majengo ya zaidi ya miaka 100, jengo baada ya jengo, wanafunzi wakiwa humo. Anayepanga mradi kama huo aanze kuhesabu mabomba kabla ya visima.

#16 Mtoto wa Msasani

Nikitaka kuuona kwa siku moja?

#17 Mzee wa Ramani

Kutoka uwanja wa ndege wa Cleveland ni kilomita 40 hivi, kodi gari. Usafiri wa umma ni haba. Treni inasimama Elyria, lakini zote hupita usiku wa manane au alfajiri, na teksi saa hizo usizitegemee.

Anzia kona ya Main na College. Zunguka Tappan Square, ona tao, kisha nenda Talcott Hall ukaone kipande cha reli kinachochomoka ardhini kuelekea angani, kumbukumbu ya njia za siri za watumwa. Kanisa la matofali la 1844 alimohubiri Finney liko upande wa kaskazini, na bado lina ibada. Makumbusho ya sanaa ya Allen ya 1917 ni bure, ila Jumatatu hufungwa. Tangu 1940 makumbusho hayo huwakodisha wanafunzi picha halisi, za akina Picasso zikiwemo, watundike chumbani muhula mzima. Kwa miaka mingi bei ilikuwa dola 5, na foleni huanza usiku wa kuamkia.

Halafu tembea East College na Vine Street. Nyumba ya John Mercer Langston, mdogo wake Charles, na ya Wilson Bruce Evans, fundi samani aliyekuwamo kwenye uokoaji wa Price, zote zimesimama. Ya Langston ni nyumba ya watu, usipige hodi. Kwenye bustani ya Martin Luther King, Vine Street, kuna jiwe la Leary, Copeland na Shields Green, mwenzao wa Harpers Ferry.

Malizia makaburi ya Westwood. Tafuta jiwe la Lee Howard Dobbins, mtoto wa miaka 4 aliyefika 1853 akiwa njiani kukimbilia Kanada, mgonjwa mno kuendelea. Mama aliyemlea aliendelea na watoto wengine. Yeye alibaki Oberlin, akafa baada ya siku chache, na kanisa zima likamzika. Vaa viatu vya mpira kama mvua imenyesha. Mfinyanzi ni uleule.